Leza kwenye kitako cha rivolva ndogo: mwalimu wa kidole

Watu wengi wakiiona rivolva ndogo, ile ya mtutu mfupi ya risasi tano inayoingia kabisa kwenye mfuko wa koti, wanasema hii ndo ya kuanzia, hii ndo ya mzee, hii ndo ya mama mwenye duka. Mimi napinga hilo kila nikipata nafasi. Kuibeba ni rahisi, kuielewa ni rahisi, haina mambo mengi ya kukwama, lakini kupiga nayo shabaha ni kazi ngumu kuliko bastola karibu zote ninazozijua na sababu zake zinaonekana kwa macho ukikaa ukaiangalia vizuri.

Chukua mfano wa hizi Smith & Wesson za fremu ndogo wanazoziita J, tuseme ile 642. Uzito wake ni gramu 400 na kidogo. Sasa triga yake, ukivuta bila kukoki nyundo, yaani bila kuirudisha nyuma kwanza kwa dole gumba (na 642 nyundo yenyewe imefichwa ndani, huwezi kuikoki), inataka nguvu ya kilo 5 na zaidi. Yaani kidole kimoja kinavuta uzito wa zaidi ya mara kumi ya bastola nzima, afu unategemea bastola itulie palepale mkononi. Haitulii. Juu ya hapo mtutu ni wa inchi 2 kasoro, kwaiyo kutoka kwenye mfereji wa kulengea wa nyuma mpaka kile kinundu cha mbele ni kama sentimita 10 tu, na hesabu hapo haina huruma: kinundu kikihama milimita 1 tu, kwenye shabaha iliyo mita 10 risasi inahama sentimita 10. Milimita moja. Ni mkono kutetemeka kidogo tu.

Hizi bunduki zina historia ndefu. Colt walitoa Detective Special mwaka 1927, ya risasi sita, Smith & Wesson wakaja na Chiefs Special mwaka 1950, ya risasi tano za .38 Special, na mpaka leo umbo ni lilelile. Ruger nao walipoleta LCR mwaka 2009 walibadilisha vifaa wakaweka plastiki ngumu kwenye fremu lakini wazo halikubadilika, mtutu mfupi, silinda ya tano (lile pipa linalozunguka lenye matundu ya risasi), triga ndefu. Macho ya kulengea kwenye nyingi ya hizi ni kinundu tu mbele na mfereji uliochongwa juu ya fremu, rangi ileile ya chuma, gizani huoni kitu.

Huku kwetu Moshi wanaomiliki bastola kwa leseni wengi ni watu wazima. Ni watu wa biashara, wenye vituo vya mafuta, wenye mashamba, watu waliopata kibali zamani wakati kahawa ina hela na mtu anatembea na fedha taslimu kutoka mnadani. Baba yangu mdogo ni mmoja wao, anakaa Kibosho kwenye kihamba cha ukoo, yaani shamba la migomba, na rivolva yake ameimiliki tangu mimi niko shule. Shida ikaja pale macho yalipoanza kuzeeka. Hakuwa na ugonjwa wowote, ni yale macho ya umri, daktari akampa miwani ya kusomea basi. Sasa kwa mtu wa namna hii kulenga kwa macho ya chuma, yaani kile kinundu na mfereji, ni mtihani, manake akivaa miwani anakiona kinundu cha mbele safi lakini shabaha inakuwa ukungu, akivua miwani shabaha inaonekana na kinundu kinapotea. Na saa nane za usiku mbwa wakibweka nani anatafuta miwani?

Hapo ndipo nilipoanza kumsumbua kuhusu kitako cha leza.

Kwa asiyejua, hiki kitu ni kitako kizima cha bastola, vipande viwili vya plastiki na raba vinavyochukua nafasi ya kile cha kiwandani, na kwenye kipande cha kulia, juu karibu na silinda, kuna kitaa kidogo kinachorusha mwanga mwembamba mwekundu. Swichi iko mbele ya kitako, chini ya kidole cha kati, kwaiyo ukiishika bastola kama inavyotakiwa leza inawaka yenyewe, ukilegeza mkono inazima. Hakuna kitu cha kukumbuka kubonyeza, na kwa maoni yangu hiyo ndo akili kubwa iliyomo kwenye kifaa hiki. Wanaojulikana zaidi kwa kazi hii ni Crimson Trace wa Marekani, kampuni iliyoanza mwaka 1994 kule Oregon, na mwaka 2016 Smith & Wesson wenyewe wakainunua. Huko kwao kitako chekundu cha J ni kama dola 200 mpaka 300, usafiri na ushuru hujaweka.

Kabla hujafikiria hela, angalia umbo la fremu yako. Vingi vya vitako hivi vimetengenezwa kwa fremu ya kitako cha duara, na rivolva za zamani nyingine zina kitako cha mraba, hapo havikai hata ulazimishe. Cha J hakiingii kwenye LCR na cha LCR hakiingii kwenye J. Halafu vipo vinavyofunika mgongo wa chuma kwa raba, hivyo vinapunguza teke la bastola kwenye kiganja ukifyatua lakini vinakuwa vinene, na vipo vifupi vinavyoacha mgongo wazi, hivyo vinakaa vizuri mfukoni lakini ukipiga utaumia. Kwa mtu mwenye umri na vidole vyenye maumivu mimi namshauri cha raba bila kufikiri mara mbili.

Na jamani, usiagize mtandaoni kimyakimya ukadhani ni kava ya simu. Silaha hapa nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na chochote kinachofungwa kwenye bastola kiulizie kwanza polisi wanaoshughulika na leseni na muuzaji mwenye kibali. Baba mdogo alienda mwenyewe na leseni yake mkononi, akauliza, akaeleza ni kitu gani, ndo mambo mengine yakaendelea. Inachukua muda, ndiyo. Lakini kifaa cha bastola kikikamatwa kwenye kifurushi hujui kujieleza unaanzia wapi.

Kufunga kwenyewe ni bisibisi moja na dakika chache, unatoa risasi zote, unafungua skrubu ya kitako cha zamani, unavua, unavalisha kipya, unakaza kwa kiasi. Betri ni zile bapa za CR2032, mbili, zilezile za rimoti ya gari, pale mjini mafundi saa wanazo. Kazi yenyewe inaanza kwenye kuirekebisha leza, na hapa watu wengi hawaelewi kinachoendelea. Mwanga hautoki ndani ya mtutu, unatoka pembeni, upande wa kulia, kama sentimita 2 hivi kutoka kwenye mstari wa risasi. Kiwandani wanaiseti nukta na risasi zikutane futi 50, ambayo ni mita 15. Maana yake kabla ya hapo risasi inapiga kushoto kidogo ya nukta, kwenye mita 5 ni kama sentimita moja na kidogo tu, na ikivuka mita 15 inaanza kwenda kulia. Mtu anafika uwanja wa shabaha, anapiga mita 5, anaona tundu limekaa kushoto ya nukta, anatoa ki-alenki, kile kiufunguo cha skrubu za kurekebishia leza, anaanza kuzungusha, akisogea mita 10 haielewi tena, anazungusha tena, mchana mzima unaisha. Iache. Kwa umbali wa sebuleni sentimita moja na kidogo haina maana yoyote. Hakikisha tu iko sawa kwenye umbali uliochagua, na uchague mmoja.

Sasa nije kwenye lile linalonifanya nikae chini kuandika yote haya. Watu wanaiuza leza kama kitu cha kukuokoa siku ya hatari, nukta inatua kwa jambazi, jambazi anakimbia, stori imekwisha. Mimi naiona kazi yake kubwa iko kwingine kabisa, iko nyumbani, jioni, bastola ikiwa tupu. Leza inakuonyesha kidole chako kinafanya nini. Kwa macho ya chuma huwezi kuona, manake ule muda nyundo inaanguka macho yako yanapepesa, akili inajiambia mambo yalikuwa safi. Nukta haikubaliani na wewe. Inaonyesha kila kitu ukutani, kila mtu aliyeko chumbani anaona.

Tunafanya hivi. Tunafungua silinda, tunatoa risasi, tunahesabu tano, zinaenda chumba kingine na mlango unafungwa. Tunaangalia matundu yote matano kwa macho na kwa kidole, mimi naangalia na yeye anaangalia, afu tunaweka risasi bandia za mazoezi ili pini isigonge patupu. Ukuta tunaoelekea ni wa tofali nene za block na nyuma yake ni kilima, hatuelekei mlango, hatuelekei dirisha, hatuelekei ukuta wa mbao ambao nyuma yake kuna jiko na watu. TV na vioo tunageuza au tunafunika kwa kanga sababu mwanga ukigonga kioo unarudi machoni, na nguvu yake inafika miliwati 5, siyo ya kuchezea macho. Ukutani tunabandika kikaratasi cha ukubwa wa kizibo cha soda.

Mara ya kwanza baba mdogo alipoishika ikawaka, nukta ilikaa kwenye kikaratasi ikawa inacheza mduara mdogo, juu kidogo, kulia kidogo, inarudi. Akaniambia, "Mwanangu, mbona inatetemeka hivi, au kifaa kibovu?" Nikamwambia hapana baba, hiyo ni mikono ya kila mtu, hata yangu, siku zote inatetemeka hivyo ila ulikuwa huioni. Akaanza kuvuta. Nukta ikatulia kwenye duara lake mpaka triga ikafika mwisho mwisho, na hapo hapo, kabla hata sijasikia ule mlio wa nyundo, nukta ikaruka chini kushoto kama kiganja kizima, ikatoka nje ya karatasi kabisa. Hakusema kitu. Akavuta tena. Chini kushoto. Tena. Chini kushoto palepale.

Hiyo chini kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia inajulikana, ni kiganja kizima kinabana wakati kidole kinamalizia, vidole vingine vinasaidia kazi isiyo yao. Kidole kinavuta peke yake, vingine vinashika tu kwa nguvu ileile tangu mwanzo. Kusema ni rahisi, na makocha wamesema tangu zamani, lakini baba mdogo hakuwahi kuamini kwamba yeye anafanya hivyo mpaka alipoiona nukta. Kuanzia hapo hakuhitaji maneno yangu. Akawa anavuta taratibu, kama unavyovuta maji kwenye pampu ya mkono, mwendo mmoja bila kusimama katikati, na nukta ikaanza kubaki kwenye karatasi. Siku nyingine inabaki, siku nyingine akiwa amechoka inaruka tena. Mama mdogo amekaa kwenye kochi anamenya ndizi na anamwambia, "Baba, hiyo imetoka." Hajawahi kushika bastola maishani na anajua imetoka.

Ukishapata hiyo, macho ya chuma nayo yananufaika. Kidole kilichofundishwa na nukta kinavuta hivyohivyo leza ikiwa imezimwa, na mimi nasisitiza kabisa nusu ya mazoezi yafanyike bila leza. Betri inakufa, kikioo kinachafuka, jua linawaka. Kuna watu nimewaona kwenye uwanja wa shabaha mchana wa Moshi wananyoosha bastola na wanatafuta nukta kwenye karatasi nyeupe mita 15, hawaioni, wanasubiri, wanazungusha mkono, sekunde zinaenda na wala hawakumbuki kwamba kinundu cha mbele kiko palepale juu ya mtutu. Leza nyekundu kwenye jua kali inapotea mapema sana, mita chache tu. Kivulini inaonekana, ndani ya nyumba inaonekana vizuri, usiku inaonekana mpaka mbali. Kwaiyo inyanyue bastola mpaka usawa wa macho kila mara kama leza haipo, nukta ukiikuta ni nyongeza.

Jambo jingine ni kidole cha shahada. Tumefundishwa kinyooshwe kwenye fremu mpaka uamue kupiga, na ni sahihi, usibadilishe. Ila kwenye J kitaa kiko hapohapo upande wa kulia na ukikiweka kidole juu sana kinaziba mwanga, unadhani imeharibika. Kishushe kidogo, kikae juu ya kinga ya triga, mwanga unapita juu yake. Mikono minene inahitaji kuzoea.

Usiku sasa. Hapa nataka nieleweke vizuri sababu ndo sehemu watu wanaweza kuuana. Nukta haikwambii ni nani amesimama pale. Nukta nyekundu kifuani mwa mtu gizani ni nukta tu, huyo mtu anaweza kuwa mwanao aliyerudi na bodaboda usiku kwa sababu simu iliisha chaji, anaweza kuwa mlinzi, anaweza kuwa jirani amekuja kukwambia ng'ombe wako ametoka. Huku kwenye vihamba umeme ukikatika giza la migomba ni giza kweli, huoni hata mkono wako. Kinachokwambia nani yuko pale ni tochi, na sauti yako ukiuliza. Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua tochi nzuri, leza itafuata. Na kumwelekezea mtu leza ni kumwelekezea mtutu, hakuna nusu yake, sheria haiangalii kwamba ulikuwa unamtisha tu kwa mwanga. Kanuni ya Adhabu inakubali mtu ajitetee kwa nguvu inayolingana na hatari, na mezani kwa polisi utaulizwa hatari ilikuwa ipi.

Na ukungu. Wanaokaa juu, Kibosho, Machame, Marangu, wanaujua ule ukungu wa mwezi wa saba unaoshuka mpaka mlangoni. Leza kwenye ukungu haibaki nukta, inakuwa uzi mwekundu kutoka mkononi kwako mpaka inapogonga, na yeyote aliye upande wa pili anaufuata ule uzi mpaka uliposimama wewe. Vumbi na moshi vivyo hivyo. Baba mdogo nilimwonyesha nyuma ya nyumba asubuhi moja, bastola tupu, ikielekea ardhini, akaona mwenyewe. Kwenye hali ile legeza kidole cha kati, tumia tochi na macho ya chuma.

Matunzo ni madogo ila yapo. Rivolva ya mfukoni inakusanya nyuzi za nguo na vumbi kwenye kikioo cha kitaa, na ukimwaga mafuta mengi wakati wa kusafisha yanafika pale, nukta inakuwa doa limetanuka. Pamba ya masikioni iliyoloweshwa spiriti kidogo inatosha. Betri inadumu saa nne hivi za kuwaka mfululizo, zinasikika chache lakini leza inawaka ukiwa umeshika tu, kwaiyo kwa anayefanya mazoezi dakika kumi kumi jioni zinaenda mbali. Sisi tunabadilisha kila mwaka mpya hata kama bado zinawaka, zile za zamani zinaenda kwenye rimoti, na baada ya kubadilisha tunaangalia nukta kama haijahama. Skrubu za kurekebishia nazo ziangaliwe, kila ukipiga risasi nyingi za .38 kwenye bastola nyepesi namna ile mtikisiko ni mkubwa.

Nimeulizwa kuhusu za kijani. Jicho la binadamu linaiona kijani vizuri zaidi kuliko nyekundu, hiyo ni kweli kabisa, mchana ndo inaonekana tofauti. Lakini inakula betri zaidi na bei inapanda. Baba mdogo naye siku hizi anaitaka, ameiona kwenye simu ya mtu. Nimemwambia baba, wewe hii unaiweka kwa ajili ya sebuleni na korido usiku, na kwa ajili ya mazoezi ya jioni ukutani, na huko kote nyekundu inakutosha, hiyo tofauti ya hela tuwekee risasi za mazoezi uende uwanjani ukapige za kweli maana teke huwezi kulijifunza kwa bastola tupu. Hajakubali bado, anasema atafikiria.